Siri za Mji Mdogo: Bwana Msa na Mwanzo wa Riwaya ya Upelelezi

Muhula uliopita klabu yetu ilisoma kitabu kimoja tu. Tulipanga kusoma vitatu, lakini Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla kilitumalizia Alhamisi zote. Wengi wetu Kiswahili tumekipata jikoni kwa mama zetu, hatukukisoma darasani, na Kiswahili cha Unguja cha miaka ya hamsini kina maneno ambayo hata hao mama tulipowauliza walisita kwanza. Siku moja tulibishana karibu robo saa kwa sababu ya neno "kiko". Nusu yetu tulidhani kuna kitu kinatafutwa, kiko wapi, kumbe Bwana Msa anavuta tumbaku.

Mwalimu wetu mmoja alituambia mapema tusijisumbue sana. Alisema wahakiki wengi huziita hadithi za namna hii fasihi pendwa, za kupitishia wakati, na kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Tunamheshimu mwalimu wetu, na la Sherlock Holmes ni kweli kwa sehemu yake: kuna mpelelezi mwenye akili kali, kuna kiko, kuna rafiki anayemfuata, Najum, kama Watson anavyomfuata Holmes, na kuna polisi wanaochelewa kuelewa. Lakini kadiri tulivyosoma ndivyo tulivyoona kwamba mfano huo haufiki mbali. Holmes ni mtu wa London, jiji la watu wasiojuana. Bwana Msa anafanya kazi mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake, na baba wa mwenzake, na deni la baba wa mwenzake. Tofauti hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa.

Tuanze na Uingereza, kwa kuwa ndiko tunakoishi. Holmes alitokea kwenye vitabu mwaka 1887, lakini miaka arobaini baadaye hadithi za upelelezi za Waingereza zilikuwa zimehamia vijijini. Agatha Christie alimtoa Miss Marple katika riwaya yake ya kwanza mwaka 1930, bibi mmoja wa kijiji cha St Mary Mead ambaye anawatambua wauaji kwa kuwalinganisha na majirani zake. Mwaka 1948 mshairi W. H. Auden, aliyekuwa mlevi wa vitabu hivi, aliandika insha kueleza kwa nini mahali padogo panafaa. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba jamii hiyo lazima iwe imejifunga, mgeni asiweze kulaumiwa, na watu wake wawe wamehusiana kwa karibu, ili kila mmoja aweze kushukiwa. Tuliposoma hoja hiyo, mwenzetu ambaye wazazi wake wametoka Unguja alicheka. Alisema Auden ameeleza mtaa wa nyanya yake bila kufika.

Ila kuna jambo Waingereza wanalo ambalo Zanzibar ya Bwana Msa haina. Mwaka 1860, katika kijiji cha Road, mtoto mdogo wa nyumba ya watu wenye nafasi alikutwa ameuawa. Polisi wa London walimtuma Inspekta Jonathan Whicher. Alimshuku binti wa nyumba hiyo, Constance Kent, aliyekuwa na umri wa miaka 16, na watu wakamshukia yeye Whicher kwa hasira: vipi mtu wa tabaka la chini aingie nyumba ya heshima na kupekua nguo za binti wa watu? Mwaka 1865 Constance alikiri mwenyewe. Wilkie Collins alichukua baadhi ya mambo ya kesi hiyo na kuyatia katika The Moonstone, mwaka 1868. Tangu hapo hofu kubwa ya riwaya nyingi za Kiingereza ni mpelelezi kupita mlangoni. Bwana Msa mlango haumsumbui. Anabisha hodi, anakaribishwa, anakaa. Kazi yake ngumu inaanza baada ya kukaa.

Sasa tumtazame mwandishi. Muhammad Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918 Makunduchi, kusini mwa Unguja, mji ambao wengi leo wanaujua kwa sherehe za Mwaka Kogwa. Alimaliza masomo mwaka 1938, akaajiriwa katika idara ya afya kuwa mkaguzi, yule ambaye Waswahili humwita Bwana Afya. Alikaa katika kazi hiyo miaka kumi. Mwaka 1948 akaingia magazetini: alikuwa mhariri wa Zanzibari, kisha mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, na kuanzia mwaka 1958 mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968.

Kwetu sisi ile miaka kumi ya Bwana Afya ina uzito kuliko vitabu vyote vya Conan Doyle. Fikiria kazi yenyewe. Bwana Afya haishii barazani kama wageni wengine. Anapita ndani hadi uani, anafunua mitungi, anachungulia kisima, anatazama choo, anauliza maji haya yametuama tangu lini. Watu wanafagia haraka anapoonekana mwanzo wa njia, na yeye anajua kwamba wamefagia haraka. Anajifunza kutazama kile kilichosogezwa. Hatuna ushahidi kwamba Bwana Msa alizaliwa uani mwa mtu fulani, na hatudai hivyo, lakini macho yale tunayaona kwenye vitabu. Hata majina ya riwaya zake mbili za mwanzo ni ya mahali ambapo mkaguzi wa afya angeweza kutumwa: mzimu na kisima.

Mzimu wa Watu wa Kale kilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957–58, yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, shirika la serikali za kikoloni la kuchapisha vitabu, na shirika hilohilo likakichapisha mwaka 1960. Ndicho kinachohesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya upelelezi kwa Kiswahili. Hatutasimulia kisa chote, kwa kuwa tunataka wenzetu wakisome. Itoshe kusema kwamba tajiri mwenye mashamba anakutwa ameuawa mzimuni, mahali ambapo watu hupeleka ubani na kuomba haja zao, na kwamba wenyeji wanalo jibu kabla swali halijaulizwa: amefanywa na mzimu.

Tulipofika hapo baadhi yetu tulichoka kidogo. Tuliona tumeingia kwenye kile kisa cha kawaida, elimu dhidi ya ushirikina, mwenye kiko anawacheka wasiosoma. Na kweli kiasi fulani kimo. Mwandishi alikuwa mtu wa idara ya afya na shirika lililompa zawadi lilipenda mafunzo ya aina hiyo. Lakini mwenzetu mmoja alisema neno lililotufanya turudi nyuma kurasa ishirini. Alisema: kama mzimu umeua, basi hakuna jirani aliyeua. Watu wanaweza kuzika, kufanya matanga, kunywa kahawa pamoja, na kesho kuoana. Katika mji mdogo, mzimu unafanya kazi ya kuwaokoa walio hai wasitazamane usoni. Anayekuja kusema kwamba mzimu hauna kisu anawaondolea watu kinga hiyo, na ndiyo sababu wanamchukia kidogo hata wanapomkaribisha.

Jambo hili linaonekana zaidi ukikumbuka mwaka. Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza Julai 1957, na ndipo zilipoanza zile zinazoitwa Zama za Siasa. Sensa ya mwaka 1958 ilihesabu watu wasiofika laki 3 kwa Unguja na Pemba pamoja. Katika idadi hiyo ndogo, watu walianza kugomeana maduka na mabasi kwa sababu ya chama, na zipo habari za waliosusiana hata maziko. Muhammad Said Abdulla aliliona hilo kutoka pande mbili, kwa kuwa Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu na Afrika Kwetu lilikuwa la Jumuiya ya Waafrika, na yeye alifanya kazi kote kuwili. Juni 1961, mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka, siku ya uchaguzi iligeuka kuwa ghasia na watu zaidi ya 60 wakauawa. Januari 1964 yakaja Mapinduzi.

Riwaya haisemi lolote kuhusu vyama. Lakini iliandikwa wakati ambao swali "nani kati yetu amefanya hivi?" lilikuwa linaulizwa kwa sauti ya chini kila barazani, na ndani yake swali hilo linapata jibu kwa njia ya pole: kwa kuuliza, kungoja, kulinganisha maneno ya leo na ya jana. Tunadhani wasomaji wa mwaka 1960 walihisi raha fulani kuona jambo hilo likiwezekana, hata kama ni hadithini.

Mwenzetu aliyemtaja nyanya yake alimpigia simu Muscat kumuuliza kama Unguja ya utoto wake ilikuwa na siri nyingi kiasi hicho. Bibi alikizungumza kitabu kama mtu anayezungumza habari za mtaani. Kisha akasema kwamba siyo siri kama tunavyofikiri sisi. Siri kwao ilikuwa jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema.

Tangu simu hiyo tulisoma kitabu kwa namna nyingine. Holmes anatafuta kitu kisichojulikana: jivu la sigara la aina gani, tope la mtaa upi. Bwana Msa naye anatazama vitu vidogo, lakini mara nyingi kinachomkosesha usingizi ni neno ambalo watu kumi wanalo mdomoni na wamekubaliana bila kukutana kwamba hawatalitoa. Adabu ndiyo kufuli. Mtoto hamsemi mzazi, mtumishi hamsemi bwana, mke hasemi ya ndani, na aliyekufa hasemwi kabisa ila kwa wema. Mpelelezi anayetaka kuifungua kufuli hiyo kwa nguvu atavunja ufunguo. Ndiyo maana polisi katika vitabu hivi wanakwama. Wanakamata haraka na kuuliza kwa amri. Ndiyo maana pia mazungumzo ni marefu, salamu hazikatwi, mzaha unapewa nafasi. Wanaolalamika kwamba riwaya hizi zinazunguka sana hawajapata kumsikiliza mtu mzima wa pwani akikaribia jambo zito.

Na neno lililofichwa, mara nyingi, ni la nasaba. Katika Kisima cha Giningi, kilichotoka mwaka 1968, bado tuko kwenye mauaji na vitisho; Giningi kwa Mzanzibari ni mji wa wachawi, na hakuna haja ya kueleza kwa nini kisima chenye jina hilo kinaogopwa. Baadaye zikaja Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Ukizipitia hizi, maiti inarudi nyuma na swali linalobaki mbele ni nani mtoto wa nani, nani ndugu wa nani, na nani alistahili kurithi. Mkusanyiko wa watu walewale waliodhani wanajuana unagundua kwamba haujuani.

Tulijiuliza kwa nini jambo hilo lilimshika mwandishi kwa miaka mingi hivyo, na jibu letu ni la historia. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Muhammad Said Abdulla alizaliwa miaka tisa tu baada ya hapo. Watu wazima waliomlea kizazi chake walikuwa wameiona dunia ya zamani kwa macho yao, bwana na mtwana, mke wa ndoa na suria chini ya paa moja, watoto wa baba mmoja wenye mama wa hali mbalimbali. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru na ni mrithi kama wenzake. Kwa desturi ya mitaani mambo yalikuwa na minong'ono yake. Familia zikajifunza kutaja upande mmoja wa nasaba kwa sauti na kuuacha mwingine. Hatudai kwamba Bwana Msa ameumbwa ili aufichue utumwa. Vitabu hivi kwa kweli vinamheshimu mno mwenye shamba, na haviulizi mikarafuu yake ilipandwa na nani. Hilo tunaliona ni pungufu kubwa, na kwenye kikao cha tano lilituletea ugomvi mkali kuliko ule wa kiko. Lakini riwaya za watu wasiojua ndugu zao haziwezi kuwa zimetoka hewani, katika mahali kama hapo.

Baada ya Bwana Msa, hadithi ya upelelezi ilivuka maji. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na jina lenyewe linaonyesha kwamba tumefika Dar es Salaam: kifo kinaweza kuja kwa waya, kutoka kwa mtu usiyemwona. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, jasusi wa serikali mwenye bastola, anayepanda ndege kwenda nchi jirani kupambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Dar es Salaam wakati huo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika, kwa hiyo hadithi ilikuwa na mizizi yake ya kweli pia. Miaka ya themanini Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango. Tunazipenda, wawili kati yetu walijifunza kusoma Kiswahili kwa haraka kupitia Mtobwa na wala hawaoni haya. Ila siri imebadilika sura. Sasa siri ni nyaraka, ni mpango wa adui, ni kitu kinachoweza kuibwa na kutiwa mkobani. Willy Gamba hana haja ya kujua mama wa mtu ni nani.

Muhammad Said Abdulla aliendelea na njia yake. Riwaya yake ya Bwana Msa ya mwaka 1984 inaitwa Kosa la Bwana Msa, na tunapenda kwamba baada ya zaidi ya miaka ishirini mwandishi alimruhusu mtu wake akosee, tena juu ya jalada. Alifariki mwaka 1991.

Tumeulizwa na mwanachama mmoja kwa nini tumeandika yote haya badala ya uhakiki mfupi wa kitabu. Sababu ni kwamba nusu ya klabu hii ni watoto wa watu waliohama mji mdogo. Wengine walihama mwaka 1964, wengine baadaye, wengine kutoka Mombasa au Lamu kwa sababu zao. Tumekulia Leicester na London, mahali ambapo jirani hajui jina lako, na nyumbani tumekuta adabu ileile ya kutosema, bila ule mtaa uliokuwa unajua. Kule, mtoto asipoambiwa na baba yake, atasikia kisimani. Huku hakuna kisima. Kisichosemwa kwa kizazi kimoja kinapotea kweli.

Mwenzetu wa simu ya Muscat anao nyumbani kwao mti wa ukoo ulioandikwa kwa mkono na babu yake, vizazi saba, wanaume watupu. Mama wa babu hayumo. Katika likizo ya Desemba alikwenda Muscat na kitabu chetu, kile chenye jalada lililobandikwa kwa gundi, akawa anamsomea bibi kila baada ya magharibi, na bibi anamsahihisha matamshi. Usiku mmoja, sura ilipokuwa inakaribia mwisho, alifunga kitabu kwa kidole ndani akamuuliza bibi jina la mama mkwe wake. Bibi alirekebisha kanga yake, akatazama mlango kama kuna mtu. Akalitaja jina, na jina la kijiji. Halafu akamwambia aendelee kusoma.